Vokseli mia moja kati ya uzee na ugonjwa

Hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoshughulika na kumbukumbu, kwa mtu mzee ina ujazo wa milimita za ujazo 3,000 hivi kila upande wa kichwa. Picha ya MRI, yaani ya mashine ya sumaku, inayotumika kuipima hugawanywa katika vipande vidogo mfano wa dadu, milimita 1 kila upande, viitwavyo vokseli, kwa hiyo hipokampasi moja ni vokseli kama 3,000. Mzee asiye na ugonjwa hupoteza takriban asilimia 1.4 ya ujazo huo kwa mwaka. Mwenye ugonjwa wa Alzheimer hupoteza kama asilimia 4.7. Ukipiga hesabu, ni vokseli 42 kwa yule na 141 kwa huyu. Kinachotenganisha mwaka mmoja wa uzee wa kawaida na mwaka mmoja wa ugonjwa ni vokseli zisizotimia mia, yaani ujazo wa matone mawili ya maji.

Mjadala wowote kuhusu picha za ubongo na dimenshia, yaani kuporomoka kwa kumbukumbu na fikra hadi mtu anashindwa kuendesha maisha yake mwenyewe, ungefaa kuanzia kwenye matone hayo mawili. Ndiyo yanayoeleza kwa nini utafiti huu una nguvu sana unapozungumzia watu elfu moja, na kwa nini unayumba unapomzungumzia mmoja. Tatizo kubwa la fani hii kwa sasa si udhaifu wa mashine. Ni mazoea ya kuchukua wastani wa kundi na kumkabidhi mtu mmoja kana kwamba ni majibu yake.

Tuanze na yanayoweza kuharibu matone hayo. Kichwa kikisogea hata kidogo wakati mashine inasoma, mpaka kati ya sehemu ya kijivu na majimaji unafifia, na programu ya kupima huona gamba, yaani tabaka la nje la ubongo, kuwa jembamba kuliko lilivyo. Kosa hili halimwangukii kila mtu sawasawa: wenye dimenshia huhangaika zaidi ndani ya mashine kuliko wenzao wazima, kwa hiyo mtikisiko wenyewe huingia kwenye takwimu ukiwa umevaa nguo za ugonjwa. Upungufu wa maji mwilini nao hupunguza ujazo wa ubongo mzima kwa takriban nusu asilimia, na hicho ndicho kiasi ambacho mzee mwenye afya hupoteza kwa mwaka. Halafu kuna kompyuta. Mwaka 2012 watafiti walizipitisha picha zilezile kwenye matoleo tofauti ya programu maarufu ya FreeSurfer, na ujazo wa sehemu za ubongo ukatofautiana kwa wastani wa asilimia 8 na ushee. Hakuna mgonjwa aliyebadilika hapo. Lilibadilika toleo tu.

Kwa hiyo anayetaka kufuatilia ubongo wa mtu kwa miaka ana masharti ambayo hayana njia ya mkato. Mashine iwe ileile, yenye nguvu ileile ya sumaku, kwa sababu kuhama kutoka Tesla 1.5 kwenda Tesla 3 katikati ya safari huzalisha tofauti inayoweza kumeza yote unayoitafuta. Mpangilio wa upigaji usiguswe. Mashine ikifanyiwa ukarabati au ikiwekewa programu mpya, tarehe iandikwe kwenye kumbukumbu za utafiti. Kichwa kishikizwe kwa vipande vya sponji pande zote mbili. Picha yenye vokseli za milimita 1 huchukua dakika kama 5, na mpiga picha aikague kabla mtu hajashuka kitandani, maana kurudia dakika 5 ni nafuu kuliko kumwita mzee mwezi ujao. Awamu zote za picha zipitishwe kwenye toleo moja la programu, hata kama toleo jipya limetoka na linasifiwa.

Mradi wa ADNI, wa kufuatilia Alzheimer kwa picha za ubongo, ulioanza Marekani mwaka 2004 chini ya Michael Weiner, mara nyingi hutajwa kwa matokeo yake. Kwa maoni yangu mchango wake mkubwa ni nidhamu hiyo: vituo vingi, mashine za makampuni tofauti, lakini kanuni moja ya kupiga picha, na data kugawiwa watafiti wa dunia nzima bila kusubiri wenyewe wamalize kuandika.

Nje ya utafiti hakuna mtu anayehesabu vokseli kila siku. Daktari wa radiolojia hutazama kwa macho na kutoa alama. Alama inayotumika zaidi ni ya Scheltens, ya mwaka 1992, kuanzia 0 hadi 4. Vipande vya picha hukatwa sambamba na uso, vikiwa wima juu ya mhimili mrefu wa hipokampasi. Alama 1 ni ufa mwembamba uliopanuka pembeni mwa hipokampasi, 2 ni pembe ya chini ya ventrikali, chumba cha majimaji ndani ya ubongo, nayo kupanuka, na 3 na 4 ni hipokampasi yenyewe kupungua urefu kwa kiasi kinachoonekana wazi. Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kukata vipande kwa mshazari, na hapo hipokampasi moja hutoka nene na nyingine nyembamba bila sababu yoyote ya kitabibu. La pili ni kusahau umri. Alama 2 kwa mtu wa miaka 62 inastahili kufuatiliwa. Kwa mtu wa miaka 80 inaweza kuwa uzee tu.

Hata pale hipokampasi inapokuwa imesinyaa kweli, kusinyaa hakutaji jina la ugonjwa. Alzheimer hufanya hivyo. Protini ya TDP-43 inayojikusanya kwa watu wenye umri mkubwa sana hufanya hivyo pia, na hali hiyo ilipewa jina lake rasmi, LATE, mwaka 2019 tu. Kabla ya hapo wengi wa watu hao waliandikiwa Alzheimer, na baadhi yao bila shaka waliingizwa kwenye majaribio ya dawa za kuondoa kitu ambacho hawakuwa nacho.

Kitu chenyewe ni amiloidi, protini inayojikusanya kati ya chembe za ubongo. Alois Alzheimer aliiona kwa hadubini na kuieleza mwaka 1906, katika ubongo wa Auguste Deter aliyekuwa ameshafariki. Kwa karibu karne moja baadaye hali ilibaki hivyo: ili kuthibitisha, ilikuwa lazima mtu afe kwanza. Mwaka 2002, mjini Uppsala, Uswidi, mgonjwa wa kwanza alichomwa dawa ya mionzi iliyobuniwa Pittsburgh na William Klunk na Chester Mathis, dawa inayonata kwenye amiloidi na kuonekana kwa mashine ya PET, inayonasa mionzi kutoka mwilini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Ile dawa ilibeba kaboni-11, ambayo nusu-uhai wake, yaani muda wa nusu yake kutoweka, ni dakika 20. Saa moja baada ya kutengenezwa imebaki moja ya nane tu. Asiye na saiklotroni, mashine ya kutengenezea vitu vya mionzi, jengo la jirani hakuweza kuitumia. Ndiyo maana dawa zilizofuata, florbetapir, flutemetamol na florbetaben, zilizoidhinishwa Marekani kati ya mwaka 2012 na 2014, zote hubeba florini-18 yenye nusu-uhai wa dakika 110. Hiyo inatosha kusafirishwa kwa gari asubuhi na kutumika kabla ya mchana.

Usomaji wa picha hizi ni kazi ya macho iliyo rahisi kueleza na rahisi kukosea. Chukua florbetapir. Mtu huchomwa kipimo cha mionzi cha megabekereli (MBq) 370, husubiri dakika 30 hadi 50, kisha hupigwa picha kwa dakika 10. Msomaji huanzia kwenye serebela, ubongo mdogo wa kisogoni, ambako amiloidi kwa kawaida haipo, ili macho yake yazoee tofauti kati ya sehemu nyeupe, yaani nyuzi za ndani, na ya kijivu, yaani gamba. Dawa hizi hunata kwenye sehemu nyeupe kwa kila mtu, awe mgonjwa au mzima. Kwenye picha hasi unaona mng'ao mfano wa matawi ya mti, na kingo zake ziko wazi. Kwenye picha chanya kingo hupotea, mng'ao ukamwagika hadi kwenye gamba la nje. Sasa fikiria gamba ambalo limeshakonda kwa ugonjwa. Amiloidi imo, lakini katika utepe mwembamba kuliko uwezo wa mashine kutenganisha vitu viwili, kwa hiyo mng'ao unafifia na msomaji anaandika hasi. Dawa ya kosa hilo ni kuiweka MRI ya mtu huyohuyo pembeni. Inashangaza ni mara ngapi PET husomwa peke yake.

Ili vituo vielewane, mwaka 2015 kulianzishwa kipimio cha Centiloidi: 0 ni wastani wa vijana wazima, 100 ni wastani wa wagonjwa wa kawaida wa Alzheimer. Mpaka wa hasi na chanya hupita kati ya 20 na 30, kutegemea nani anauweka na kwa lengo gani. Mtu mwenye 22 na mwenye 28 wanaweza kupewa majibu tofauti katika vituo viwili, na wote wawili wakaondoka wakiamini wamepewa ukweli usio na shaka. Ripoti yenye neno "chanya" bila namba imeficha jambo ambalo mgonjwa alistahili kulijua.

Na chanya ni nini? Uchambuzi mkubwa uliounganisha tafiti nyingi mwaka 2015 ulikadiria kwamba, miongoni mwa watu wenye kumbukumbu nzuri kabisa, asilimia 10 wa miaka 50 wana amiloidi, na kwa wa miaka 90 ni asilimia 44. Utafiti wa watawa ulioanzishwa Marekani mwaka 1986 na David Snowdon ulikuwa umeonyesha jambo la jamii hiyo kwa njia ngumu zaidi: masista waliopimwa akili miaka hadi miaka na kuchunguzwa ubongo baada ya kufa, na baadhi yao wakakutwa na ubongo uliojaa alama za ugonjwa ilhali hadi mwisho walikuwa timamu. Picha hasi ina uzito kuliko chanya. Mtu anayesahau na hana amiloidi, karibu hakika tatizo lake si Alzheimer, na utafutaji uelekee kwingine. Mtu anayesahau na anayo, huenda ndiyo sababu. Huenda ni mpangaji tu ndani ya nyumba inayobomolewa na kitu kingine.

Hapo ndipo penye ugomvi mkubwa wa fani kwa sasa. Mwaka 2024 kundi linalofanya kazi chini ya chama cha Alzheimer cha Marekani lilichapisha vigezo vinavyoutambua ugonjwa kwa vipimo vya kibaiolojia pekee: ukiwa na amiloidi isiyo ya kawaida, unao, uwe na dalili au usiwe nazo. Kundi la kimataifa lililomshirikisha Bruno Dubois, daktari wa neva wa Ufaransa, lilijibu mwaka huohuo kwamba mtu asiye na dalili aitwe mwenye hatari ya kuupata. Nasimama na hao wa pili, na sababu yangu ni ya hesabu zaidi kuliko huruma. Kipimo ambacho karibu nusu ya wazee wa miaka 90 walio timamu wanakipata chanya hakiwezi kuwa ndiyo maana ya ugonjwa wa akili kuporomoka. Picha za PET za tau, protini nyingine inayojikusanya ndani ya chembe za ubongo, ambazo dawa yake ya kwanza iliidhinishwa Marekani Mei 2020, huandamana na dalili kwa karibu zaidi: zikiwaka upande wa lugha, ni lugha inayoyumba, zikiwaka nyuma, ni kuona na kutambua mahali.

Wapo wanaovuka mpaka upande wa pili na kusema PET ni anasa ya watafiti. Si kweli. Katika utafiti wa IDEAS, uliowahusisha wagonjwa 11,409 ambao madaktari wao hawakuwa na uhakika, picha ya amiloidi iliwaondoa asilimia 25.1 kutoka kwenye utambuzi wa Alzheimer na kuwaingiza asilimia 10.5 wengine. Zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa wa wataalamu wa dimenshia walikuwa wamebandikwa jina lisilo lao. Hapo picha ilijibu swali ililotengenezewa: kuna amiloidi, au hakuna?

Swali likibadilika, majibu hulegea. Angalia jaribio la lecanemab, dawa ya kuondoa amiloidi, lenye watu 1,795 na miezi 18. Amiloidi kwenye PET ilishuka kwa Centiloidi 55.5 kwa waliopewa dawa, na ikapanda 3.6 kwa waliochomwa maji matupu. Kwa picha, huo ni ushindi usio na ubishi. Kwa kipimo cha akili na maisha ya kila siku chenye alama 18, waliopewa dawa walidhoofika kwa 1.21 na wenzao kwa 1.66; tofauti ni 0.45. Dawa ilifanya kazi, kidogo, na picha ilifanya ionekane imefanya makubwa. Tena uchambuzi wa majaribio mbalimbali ya dawa za kuondoa amiloidi ulionyesha kwamba, kwa baadhi ya dawa hizo, ubongo mzima wa waliotibiwa ulisinyaa haraka kuliko wa wasiotibiwa. Kipimo kilekile ambacho kwa miaka 20 tulikisoma kama alama ya ugonjwa kusonga mbele, sasa tunaambiwa hapa kisisomwe hivyo. Huenda ni amiloidi na uvimbe wake vinavyoondoka. Lakini anayetaka kukitumia kipimo hicho kama hakimu wa dawa ijayo ana deni la maelezo.

Mahali ambapo MRI haina mbadala katika tiba hizi ni kwenye ulinzi. Asilimia 12.6 ya waliopewa lecanemab walipata uvimbe wa majimaji kwenye ubongo, dhidi ya 1.7 ya wengine. Kwa waliorithi jeni ya ApoE4, inayoongeza hatari ya Alzheimer, kutoka kwa wazazi wote wawili ilikuwa asilimia 32.6. Wengi hawakuhisi chochote, kwa hiyo bila picha hakuna anayejua. Dawa hudungwa kila baada ya wiki mbili, na picha hutakiwa kabla ya kuanza, kisha kabla ya dozi ya 5, ya 7 na ya 14. Mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliongeza nyingine kabla ya dozi ya 3. Kabla ya kuanza huhesabiwa pia vivujio vidogo vya damu, na mwenye zaidi ya 4 kwa kawaida hapewi dawa. Hesabu hiyo inategemea mashine. Picha za aina ya SWI, mbinu ya MRI inayohisi zaidi mabaki ya damu, huonyesha vivujio vingi kuliko aina ya zamani, na Tesla 3 huonyesha vingi kuliko 1.5. Mtu mmoja anaweza kuwa na 4 mtaa huu na 6 mtaa ule. Uvimbe ukitokea baadaye, picha isiyofanana na ile ya mwanzo haisemi kama kivujio ni kipya au ni mashine mpya imekiona.

Kuhusu akili mnemba, nitakuwa mfupi. Makala nyingi zilidai kutambua Alzheimer kwenye MRI kwa usahihi wa asilimia 95 na zaidi. Mapitio ya mwaka 2020 yalikuta kwamba zaidi ya nusu ya tafiti zilizochunguzwa huenda zilivujisha data. Njia ya kuvujisha ni nyepesi: unachukua vipande vya ubongo wa mtu mmoja, vingine unavifundishia programu, vingine unavitumia kuijaribu. Programu inamtambua mtu, wewe unadhani imetambua ugonjwa. Mgawanyo ufanywe kwa mtu, si kwa kipande, na ufanywe kabla ya hatua nyingine yoyote. Halafu tazama ni nani aliyemo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu milioni 57 wenye dimenshia mwaka 2021, zaidi ya asilimia 60 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ilhali mipaka tunayotumia imetoka zaidi kwa watu weupe wenye elimu ndefu wa Marekani na Ulaya. UK Biobank, mradi mkubwa wa data za afya Uingereza, imepiga picha watu 100,000, kazi kubwa mno, lakini wanaojitolea kwa mradi kama huo wana afya kuliko majirani zao.

Vipimo vya damu vya p-tau217, aina moja ya tau, vitachukua sehemu kubwa ya kazi ya PET. Kimoja cha aina hiyo kiliruhusiwa Marekani Mei 2025 kwa watu wenye dalili kuanzia miaka 55. MRI haiondoki, kwa sababu damu haionyeshi uvimbe wa saratani, damu iliyoganda chini ya fuvu baada ya kuanguka kulikosahauliwa, wala ventrikali zilizojaa maji kwa mtu anayeburuta miguu na kushindwa kuzuia mkojo. Ila fomu iliyoandikwa "kumbukumbu mbaya" peke yake huzaa ripoti ya "ubongo umesinyaa kulingana na umri". Iandikwe umri, dalili ilianza lini, kilichotangulia ni nini, lugha, njia, tabia au kumbukumbu, na kiharusi kama kiliwahi kutokea. Na kama ipo picha ya zamani, hata CT ya miaka 6 iliyopita iliyopigwa kwa sababu ya ajali, itolewe kabatini ije nayo. Haitapima matone mawili, lakini itaonyesha kama pembe ya ventrikali ilikuwa hivyo hivyo tangu wakati huo.